Daktari aliyekataa wagonjwa wake walale wakingoja kufa

MTU anapovunjika uti wa mgongo, swali la kwanza la jamaa zake huwa ni kama atatembea tena. Miaka mia moja iliyopita swali lilikuwa jingine: je, ataishi? Na madaktari wengi walikuwa na jibu tayari.

Ludwig Guttmann alilisikia jibu hilo mwaka wa 1917 huko Ujerumani, akiwa kijana msaidizi katika hospitali ya wachimba migodi mjini Königshütte. Mchimba makaa mmoja, mtu wa miraba minne, aliletwa akiwa amevunjika mgongo na kupooza miguu. Guttmann alipoanza kuandika habari zake, daktari alimwambia asijisumbue, kwani mtu huyo hakuwa na wiki nyingi. Kweli, baada ya wiki tano alikufa.

Kilichomuua si ule mfupa. Ndani ya uti wa mgongo hupita neva zinazopeleka habari kati ya ubongo na mwili. Zikikatika, mgonjwa hasikii chochote chini ya jeraha. Hajui kwamba amelalia upande mmoja kutwa nzima, hivyo nyama iliyobanwa hukosa damu na kuoza. Kibofu nacho hakijimwagi vizuri, na viini vya maradhi hupanda hadi kwenye figo. Usaha na sumu ndivyo vilivyokuwa vikiwamaliza watu hawa.

Guttmann alihitimu udaktari mwaka wa 1924 na kuingia katika idara ya Otfrid Foerster mjini Breslau, mji ambao sasa ni Wroclaw nchini Poland. Foerster, aliyewahi kumtibu Lenin wa Urusi, alikuwa miongoni mwa mabingwa wakuu wa ubongo na neva barani Ulaya. Chini yake Guttmann alijifunza upasuaji, akafundisha na kufanya utafiti. Lakini alikuwa Myahudi. Hitler aliposhika madaraka mwaka wa 1933, Guttmann alipoteza kazi na kulazimika kuhamia Hospitali ya Wayahudi, ambako baadaye alikuwa mkurugenzi.

Usiku wa Novemba 9, 1938, masinagogi yalipochomwa moto na Wayahudi kusakwa, aliamuru yeyote atakayebisha hodi hospitalini alazwe bila kuulizwa maswali. Asubuhi polisi wa siri walikuja kudai maelezo. Daktari akawapitisha kitanda kwa kitanda, akimpachika kila mtu ugonjwa wake huku akimkonyeza ajifanye mahututi. Kati ya watu 64, aliwaokoa 60. Machi 1939 alifika Oxford, Uingereza, akiwa mkimbizi pamoja na mkewe na watoto wawili.

Kwa miaka kadhaa alifanya utafiti tu. Kisha serikali ya Uingereza, ikijiandaa kwa mapambano makali ya vita, ilimwomba aanzishe kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo. Alikubali kwa sharti kwamba asiingiliwe. Kituo kilifunguliwa Februari 1, 1944 katika hospitali ya Stoke Mandeville.

Hapa ndipo mtu aliyefunzwa na bingwa wa kisu alipofanya jambo ambalo, kwa maoni ya mwandishi huyu, linashinda upasuaji wote aliowahi kuufanya. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Aliondoa plasta nzito walizofungwa wanajeshi waliofika wakiwa wananuka vidonda. Mipira ya mkojo ilishughulikiwa kwa usafi usio na mzaha. Yeye mwenyewe alizuka wodini usiku wa manane kuhakikisha agizo linafuatwa, na ole wake aliyepatikana amesinzia! Alikuwa mkali, tena mwepesi wa hasira, ingawa wagonjwa walimwita “Poppa”, yaani baba.

Aliyewahi kumuuguza jamaa wa aina hii nyumbani anajua kazi hiyo inavyochosha mgongo na moyo. Haina sifa wala haitangazwi. Lakini watu waliokuwa wamekatiwa tamaa walianza kupona vidonda.

Wakishapona, je? Guttmann hakutaka walale wakitazama dari. Aliwapa kazi za mikono, kisha michezo. Polo ya kwenye viti vya magurudumu iliachwa kwa kuwa ilizidi fujo, ukafuata mpira wa vikapu. Upigaji mishale aliupenda kwa sababu huimarisha mikono, mabega na kifua, viungo ambavyo mtu aliyepooza miguu huvitegemea kwa kila kitu.

Julai 29, 1948, siku ambayo Olimpiki ilifunguliwa London, walemavu 16, wawili wao wanawake, walishindana kwa mishale katika uwanja wa hospitali hiyo. Timu ya wenyeji ilishindwa! Mwaka wa 1960 mashindano hayo yalifanyiwa Roma yakiwa na wanamichezo 400 hivi kutoka nchi 23, na leo yanajulikana kama Paralimpiki. Kenya ilijiunga mwaka wa 1972, yalipofanyiwa Heidelberg.

Hakuuacha usomi. Mwaka wa 1961 alianzisha chama cha kimataifa cha madaktari wa fani hiyo, akaanzisha jarida lake mwaka wa 1963, na 1973 akatoa kitabu kikubwa kuhusu majeraha ya uti wa mgongo. Malkia alimtunuku cheo cha “Sir” mwaka wa 1966. Alifariki Machi 18, 1980, akiwa na umri wa miaka 80. Kituo chake cha Stoke Mandeville kingali kinapokea wagonjwa.