Ndege Ndogo Juu ya Nakivubo: Hati Inayomlinda Rubani na Askari



Mfikirieni askari aliye lindoni nje ya uwanja wa Nakivubo siku ya mchezo mkubwa. Ndani watazamaji wamejaa. Nje kuna soko la Owino na vituo vya teksi, na watu hawana pa kukanyaga. Mara ndege ndogo ya injini moja yatokea upande wa kusini. Je, ni msafiri au ni adui? Swali hilo si la kubahatisha, na kwa hakika jibu lake hupaswa kuandikwa kabla ndege haijaondoka ardhini.

Ndege nyingi ndogo za eneo hili huruka kutoka kiwanja cha Kajjansi, kando ya barabara ya Entebbe. Kutoka huko hadi Nakivubo ni kama kilometa 13 angani. Ndege iendayo kilometa 180 kwa saa hufika chini ya dakika tano. Katika muda huo hakuna nafasi ya kuanza kuulizana. Isitoshe, anga hiyo hutumiwa pia na ndege kubwa za abiria, za mizigo na za jeshi ziingiazo na kutoka Entebbe.

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unatamka kwamba kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga yake. Kifungu cha 9 kinaipa dola haki ya kuzuia ndege zisipite mahali fulani kwa sababu za kijeshi au za usalama wa raia. Maeneo hayo huandikwa kwenye ramani za anga kwa herufi: P ni marufuku kabisa, R ni kupita kwa masharti, D ni hatari. Mengine hutangazwa kwa muda tu, kwa mfano wakati wa sherehe ya taifa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya rubani ni kusoma ramani na matangazo ya siku ile ile. Matangazo ya jana hayamsaidii.

Kazi ya pili ni kujaza hati ya safari na kuiwasilisha mapema kwa waongozaji wa anga. Ndani yake huandikwa alama za ndege, aina yake, mahali na saa ya kuondoka, njia, kimo, mwendo, kiwanja cha kufikia na kiwanja cha akiba, muda ambao mafuta yatatosha, na idadi ya watu waliomo. Alama za ndege za Uganda huanza na 5X, za Kenya 5Y, na za Tanzania 5H.

Hapo pana mtego mmoja. Saa tatu asubuhi ya kwetu huandikwa katika hati 0600, kwa kuwa marubani wa dunia nzima hufuata saa moja ya kimataifa, iliyo nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Rubani akisahau na kuandika 0900, mnara utamtarajia saa sita mchana, naye atatokea saa tatu asubuhi kama mgeni asiyealikwa.

Mtego wa pili ni kimo. Ardhi ya Kampala iko kiasi cha futi 3,900 juu ya bahari. Rubani aripotiye kuwa yuko futi 5,000 kutoka usawa wa bahari yu karibu sana na mapaa: ni futi elfu moja na kidogo tu. Kanuni ya kimataifa yataka ndege ipitayo juu ya mji, isipokuwa inaporuka au kutua, iwe angalau futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote kilicho ndani ya meta 600. Nakivubo iko bondeni, ilhali Nakasero na Kololo ni vilima. Hapana budi apimaye apime kwa kilima. Tena ajiulize: injini ikizimika juu ya Owino, nitatua wapi? Maadamu hana jibu, na azunguke mji.

Hata hati iliyokamilika haitoshi pasipo kibali cha mnara kwa redio. Chombo kiitwacho transponda huijibu rada kwa namba: 7700 ni hatari, 7600 ni redio iliyoharibika, 7500 ni utekaji nyara. Rubani aliyenyamaza yaweza kuwa redio yake imekufa, wala si lazima ana nia mbaya.

Wasikilizaji, tahadhari ya askari ina sababu. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, ndege za jeshi la Israeli zilitua Entebbe bila idhini ya serikali. Lakini pana funzo la upande wa pili. Tarehe 20 Aprili 2001, huko Peru, ndege ndogo ya wamisionari ilidhaniwa kuwa ya walanguzi wa dawa za kulevya, ikapigwa risasi na ndege ya kijeshi. Mama mmoja na mtoto wake mchanga wakafa. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1984, baada ya ndege ya Korea kutunguliwa mwaka 1983 na watu 269 kuangamia, mataifa yalikuwa yamekubaliana kuongeza katika Mkataba wa Chicago sharti la kutotumia silaha dhidi ya ndege za kiraia zilizo angani.

Basi askari aonaye ndege asiyoitarajia na atazame saa, aandike uelekeo, rangi na alama zake, kisha apeleke taarifa kwa afande wake upesi. Huko juu iulizwe Entebbe: hati ipo? Naye rubani akumbuke kwamba kila mstari anaouacha wazi katika hati yake humwachia askari wa chini mzigo wa kukisia, naye askari huyo ameshika bunduki.