Bwana yuko Marekani, mama yuko kambini: aandike nini kwenye kodi?

Wenzetu waliotangulia Marekani wanapiga simu kuuliza habari ya fomu ya kodi, ambayo kwa kawaida mwisho wake ni tarehe 15 Aprili.

Kwanza, bwana asiandike kwamba hana mke. Aliye na ndoa tarehe 31 Desemba anahesabiwa ana ndoa mwaka mzima, hata kama mke bado yuko huku. Kukaa mbali si talaka.

Njia ziko tatu. Akijaza peke yake kama mwenye ndoa, ni rahisi, ila mara nyingi kodi inapanda. Wakijaza pamoja, mara nyingi inashuka. Lakini mama atahesabiwa kama mkaaji wa kule, ataweka sahihi, ataombewa namba iitwayo ITIN, na mapato yake yote yatatajwa, hata ya kuuza nyanya sokoni. Ya tatu, mkuu wa kaya, inamfaa anayeishi kule na mtoto wake zaidi ya nusu mwaka na kulipa zaidi ya nusu ya gharama za nyumba. Watoto walio huku hawahesabiwi hapo.

Basi mama, bwana akipiga simu, muulize ameandika nini. Karatasi za kodi na zile za kuunganisha familia ziseme neno moja.