Chumba cha muziki nyumbani: Linda masikio, linda pumzi

Ukipita jioni katika mitaa ya Busia au Malaba si ajabu kusikia kinanda cha umeme kikilia ndani ya nyumba ya kawaida. Huyu anajiandaa kwa ibada ya Jumapili. Yule ana gitaa, amplifaya na spika mbili, na anatumaini kupata riziki kwenye harusi. Kipaji ni jambo la kusifiwa. Lakini kabla hujageuza chumba kimoja kuwa cha muziki, fikiria kwanza afya yako na ya jamaa zako.

Tatizo la miji hii ya mpakani huanzia nje. Malori ya kwenda Uganda hunguruma usiku na mchana, na mvua ikipiga mabati humsikii hata aliye kando yako. Mpiga muziki hufanya nini? Huongeza sauti ili aishinde kelele. Majirani wakilalamika, hufunga madirisha na kuziba kila ufa. Hapo ndipo hatari mbili hujitokeza.

Sikio haliponi

Ndani kabisa ya sikio mna seli ndogo zenye vinyweleo, ambazo hupokea sauti na kuifikisha kwenye ubongo. Zikishaharibiwa na kelele hazioti tena, wala hakuna dawa ya kuzirudisha.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu vifaa vya kusikilizia muziki, uliotolewa mwaka 2019, unasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Sauti ikifika desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4. Ikifika 100, ni dakika 20 tu kwa wiki nzima.

Utajuaje bila kipimo? Ikiwa mtu aliye karibu nawe kiasi cha kumgusa kwa mkono analazimika kupaza sauti ndipo umsikie, muziki umezidi. Na ukimaliza mazoezi ukabaki na mlio masikioni, hilo ni onyo.

Kwa hiyo usishindane na malori. Chagua chumba cha nyuma, mbali na barabara, chenye ukuta wa matofali na mlango mzito. Pazia nene, zulia na kabati la nguo hupunguza mwangwi, nawe utajisikia vizuri bila kuongeza sauti. Spika zielekeze kwako, zikiwa kwenye kimo cha masikio. Usibandike trei za mayai ukutani: hazizuii sauti kutoka, na hushika moto upesi. Ukitumia vipokea sauti vya masikioni, usivuke asilimia 60 ya sauti yake, na upumzike mara kwa mara.

Homa isiyo malaria

Hatari ya pili ni hewa. Stima ikipotea, wengi huwasha jenereta, na kwa kuogopa wezi huiweka kwenye veranda au ndani ya nyumba. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Katika chumba kilichozibwa kwa ajili ya sauti, gesi hiyo inaweza kuua watu kabla hawajang'amua.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Katika eneo letu mtu husema mara moja, "Ni malaria," akameza vidonge na kulala palepale. Angalia tofauti: je, mwili hauna joto? Je, watu kadhaa nyumbani wameshikwa kwa wakati mmoja? Je, ukitoka nje unapata nafuu? Kama ndivyo, tokeni nyote, jenereta izimwe, kisha mwende hospitalini bila kukawia na kumweleza daktari kuwa jenereta ilikuwa ikiwaka.

Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka nyumbani, moshi ukielekea mbali na milango na madirisha ya kwako na ya jirani. Chumba nacho kiachiwe tundu la hewa, hata kama sauti kidogo itapenya.

Jambo la mwisho ni umeme. Usichomeke vyombo vyote kwenye soketi moja, na umwite fundi mwenye leseni ahakikishe waya wa kwenda ardhini upo na unafanya kazi. Mawingu ya radi yakitanda, chomoa kila kitu na uache kupiga.

Ukiona unaomba watu warudie maneno, au mlio masikioni haukomi, usingoje. Nenda ukapimwe masikio mapema, kwani usikivu uliosalia bado unaweza kuokolewa. Mwanamuziki anaweza kununua kinanda kingine, lakini sikio jingine haliuzwi Busia wala Malaba.