Je, Wajua? Albarracín na Maajabu Yaliyo Nje ya Lango Lake

Je, wajua kwamba Uhispania kuna mji wenye kanisa kuu, ngome na kuta ndefu, lakini wakazi wake ni kama elfu moja tu? Ni Albarracín, katika jimbo la Teruel, mashariki ya nchi, mita zipatazo 1,170 juu ya usawa wa bahari. Eneo la manispaa linazidi kilomita za mraba 450. Gawa mwenyewe: ni watu wawili na kidogo kwa kila kilomita ya mraba, kondoo hawamo.

Wageni wengi huja kutoka mji wa Teruel, mwendo usiofika kilomita 40. Hupiga picha, hunywa kahawa, huondoka kabla ya magharibi. Ushauri wa safu hii: laleni. Nusu ya utamu iko nje ya lango.

Je, wajua mji huu umebeba jina la ukoo wa Kiislamu? Ukhalifa wa Córdoba uliposambaratika mwanzoni mwa karne ya 11, Waberberi wa ukoo wa Banu Razin walijitangazia ufalme wao mdogo juu ya miamba hii. Walidumu hadi mwaka 1104, wakaondolewa na Al-Murabitun kutoka Afrika ya Kaskazini.

Na baada yao? Hapo ndipo pana kichekesho. Mnamo mwaka 1170 hivi mji uliingia mikononi mwa Pedro Ruiz de Azagra, shujaa kutoka Navarra, bila vita. Huku mfalme wa Castilla akiutaka, huku wa Aragón akiutaka. Pedro akawajibu wote wawili kwamba yeye ni mtumishi wa Bikira Maria peke yake. Nani angethubutu kumpinga? Akapata bwana asiyetuma watoza kodi, na ukoo wake ukajitawala kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 1220 Jaime wa Kwanza wa Aragón, mfalme ambaye baadaye angeteka Mallorca na Valencia, aliuzingira mji huu. Alikuwa na umri wa miaka 12. Alishindwa, akarudi zake. Mwanawe, Pedro wa Tatu, ndiye aliyeuteka mwaka 1284.

Ukitazama kuta zinavyopanda mlima hadi mnara wa Andador, utadhani mnara ulijengwa kwa ajili ya kuta. Kinyume chake ndicho kweli: mnara ni wa karne ya 10 na ulisimama huko juu peke yake, kisha kuta zikaufuata. Njia ya kupanda ni mawe matupu, kwa hiyo kandambili ziacheni hotelini.

Ndani ya mji, tafuta Casa de la Julianeta, nyumba iliyopinda kila upande na bado haijaanguka. Nyumba za hapa ni fremu za mbao zilizojazwa na kupakwa jasi ya kienyeji yenye chuma ndani yake. Ndiyo maana mji mzima una wekundu wa machweo. Ghorofa za juu hujitokeza nje kiasi kwamba paa za pande mbili za kichochoro zinakaribia kugusana. Milangoni kuna vyuma vya kubishia hodi vyenye umbo la mjusi au joka dogo. Katika kanisa kuu kumehifadhiwa mazulia ya ukutani yaliyofumwa Brussels katika karne ya 16, yenye kisa cha Gideoni wa Biblia. Haya, tutoke sasa.

Je, wajua kwamba Warumi walihamisha maji kutoka bonde moja kwenda jingine hapa, takriban miaka elfu mbili iliyopita? Mfereji wao unaanzia mto Guadalaviar karibu na Albarracín, unapita Gea, unaishia Cella: kilomita zipatazo 25. Sehemu kubwa imechongwa ndani ya mwamba. Palipokuwa na kilima walichimba visima vya kushuka wima, kila kimoja kikiwa na hesabu yake ya kina, kisha wafanyakazi wakatoboa pande zote mbili chini kwa chini hadi wakutane na wenzao wa kisima kinachofuata. Fikiria ugumu wake: hakuna dira, hakuna baruti, kuna taa ya mafuta na patasi, na mteremko lazima uwe mdogo na sawasawa, la sivyo maji yatasimama. Karibu na Gea, kwenye korongo la Barranco de los Burros, unaweza kuingia kwenye vipande vya handaki na kuona mikwaruzo ya patasi ukutani. Hakuna kiingilio kwenye korongo, wala hakuna foleni. Kwa maoni yangu hapa panashinda makumbusho mengi ya mijini.

Lakini ngoja. Huko Cella, mahali ambapo Warumi walijitesa kupeleka maji, chini ya ardhi palikuwa na maji tele! Katika Zama za Kati watu walitoboa kisima na maji yakapanda yenyewe bila kuvutwa. Kisima hicho kipo hadi leo katikati ya mji, kipana kama bwawa, kimezungukwa na ukuta wa mawe uliosanifiwa karne ya 18 na mhandisi Mwitaliano, Domingo Ferrari. Hapo ndipo mto Jiloca unapoanzia.

Je, wajua kuhusu mafahali weupe? Kusini mashariki ya mji kuna msitu wa misonobari uliosimama juu ya mawe mekundu ya mchanga, wenyeji huita rodeno. Chini ya vibamba vya miamba, watu wa kale walichora mafahali, farasi, kulungu na wapiga mishale. Kwingineko mashariki ya Uhispania wachoraji wa namna hii walitumia zaidi rangi nyekundu na nyeusi. Hapa jiwe lenyewe ni jekundu, basi wakatumia nyeupe. Nenda Prado del Navazo ukaone: mafahali ni wanene, wawindaji ni vijiti tu.

Michoro hiyo ilitangazwa mwaka 1892 na Eduardo Marconell. Alitangaza wakati mbaya. Wataalamu wengi wa Ulaya walikuwa bado wanaikana hata michoro ya pango la Altamira, wakiamini mtu wa kale hana akili ya kuchora vile. Ilibidi karne ya 20 iingie ndipo warudi kuitazama kwa macho mengine. Mwaka 1998 UNESCO iliingiza michoro ya ukanda huu wote wa Mediterania katika orodha ya Urithi wa Dunia, zaidi ya maeneo 700.

Kwenye msitu huohuo utakutana na vijana wenye magodoro mgongoni. Hawajafukuzwa nyumbani. Ni wapanda miamba: hupanda mawe mafupi bila kamba, na godoro hutandikwa chini kumpokea anayeanguka. Huja kutoka pande zote za Ulaya, hasa miezi ya baridi, kwa kuwa jiwe baridi hushikika vizuri zaidi. Karibu na michoro hawaruhusiwi. Tazama pia mashina ya misonobari mikongwe, utaona makovu marefu: palikuwa pakigemwa utomvu wa kutengenezea tapentaini.

Je, wajua kwamba mvua inayonyesha kwenye milima hii hugawanywa kati ya bahari mbili? Guadalaviar huteremka mashariki, hubadili jina kuwa Turia huko Teruel, huishia Valencia. Oktoba 1957 mto huo ulifurika ukaua watu wengi Valencia, serikali ikauchimbia njia mpya kusini ya jiji, na mkondo wa zamani sasa ni bustani ndefu ambamo watu hukimbia asubuhi na watoto hucheza mpira chini ya madaraja yasiyo na mto.

Magharibi kidogo, katika manispaa jirani ya Frías de Albarracín, kuna chemchemi ya Fuente García, inayohesabiwa kuwa chanzo cha mto Tagus, mrefu kuliko yote katika rasi ya Iberia. Sanamu kubwa iliwekwa hapo mwaka 1974. Usishangae ukikuta maji kiduchu. Mto huu una safari ya kilomita zipatazo elfu moja mpaka Lisbon. Kutoka kwenye mlango wake wa bahari ndipo Vasco da Gama alipong'oa nanga Julai 1497, na Aprili iliyofuata alikuwa Mombasa, kisha Malindi, akitafuta rubani wa kumfikisha India.

Je, wajua kwamba bado wako wachungaji wanaohama kwa miguu? Baridi inapokaribia, baadhi ya wafugaji wa milima hii huswaga mifugo yao hadi Sierra Morena, kusini ya nchi, mwendo wa karibu mwezi mzima, na hurudi majira ya joto yanapoanza. Njia zao ni za tangu enzi za wafalme wa Zama za Kati na zinalindwa na sheria: huruhusiwi kuzijengea. Kijiji cha Guadalaviar kina makumbusho ya uhamaji huo, na mwaka 2023 UNESCO iliutambua kama urithi usioshikika, Uhispania ikiwa miongoni mwa nchi husika.

Septemba na Oktoba madume ya kulungu wenye pembe za matawi hunguruma msituni wakigombea majike. Sauti ni nzito, na asiyeambiwa mapema hukimbilia garini. Aprili 30 usiku ni zamu ya binadamu: vijana hupita mlango hadi mlango wakiwaimbia wanawake nyimbo za kukaribisha Mei.

Ukipanga kwenda Januari, chukua koti la maana. Kwenye jimbo hilihili la Teruel, mji wa Calamocha uliwahi kupima nyuzi 30 chini ya sifuri, Desemba 1963.