Mkorogo: uso Fanta, miguu Coca-Cola

Morogoro, mji kasoro bahari, una hewa mbili. Huku chini, Msamvu na Kihonda, jua linachoma kama pasi. Ukipanda milima ya Uluguru, kule Mgeta na Nyandira, baridi la Juni na Julai halina mchezo: midomo inapasuka, visigino vinachanika, magoti yanapauka kama yamepakwa majivu. Kwa hiyo mafuta huku si urembo tu, ni kinga.

Wala huhitaji makubwa. Mafuta ya mgando yanatosha. Kazi yake ni kuzuia maji ya ngozi yasikauke. Siri ni kujipaka mara tu utokapo bafuni, mwili ukiwa bado na unyevu. Ndugu zetu wenye ualbino ndio wanaohitaji zaidi. Kwao krimu ya kuzuia jua, kama Kilisun inayotengenezwa KCMC Moshi, ni kinga ya saratani ya ngozi.

Sasa kasheshe, dada zangu, ni mkorogo. Mtu anachukua krimu yenye steroidi, ile ambayo daktari humwandikia mwenye pumu ya ngozi kwa muda mfupi, anaikoroga na losheni, anajipaka mwili mzima miezi na miezi. Mwanzoni anang'aa, mtaa mzima unageuka. Halafu ngozi inakonda, chunusi zinafumuka, michirizi inajichora mapajani, vifundo vya vidole vinabaki vyeusi vinamsuta. Siku akihitaji kisu cha daktari, hata cha uzazi, ngozi hiyo haishiki nyuzi vizuri na kidonda kinachelewa kupona.

Haidrokwinoni nayo ikizoeleka huacha mabaka meusi ya kibluu, yaani weupe uliotafutwa unageuka weusi usiotoka. Zebaki ndiyo mbaya zaidi: inapenya hadi kwenye figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni.

Usimamizi wa vipodozi ulikuwa TFDA. Tangu 2019 uko TBS. Lakini mkaguzi hawezi kulala chumbani kwako. Kopo lisilotaja kilichomo, liache dukani.

Umeshaanza? Usiache ghafla, ngozi itawaka moto. Nenda hospitali, sema ukweli, upunguziwe taratibu.

Na nyie kina kaka msicheke. Wengine mnachota kopo hilohilo, na wengine ndio mnaousifia huo weupe. Kidonda kisipopona, anauguza peke yake.