Samaki Mmoja, Majina Matatu

Katika makala hii naeleza jinsi majina ya samaki mmoja wa Marekani yanavyohifadhi historia na ujuzi wa uvuvi. Samaki huyu, bapa na mwenye madoadoa, huvuliwa sana katika maziwa na mabwawa ya majimbo kama Illinois na Missouri.

Kiingereza humwita crappie, neno lililotoka katika Kifaransa cha Kanada, crapet. Huko Louisiana, Wafaransa walimwita sac-à-lait. Sisi tunaojua Kifaransa tunasikia mara moja “mfuko wa maziwa”. Hata hivyo, asili inayotajwa na wengi ni sakli, neno la Wachoktaw, wenyeji wa eneo hilo, lenye kutaja samaki wa aina nyingine. Sikio la mgeni lilipokea sauti ngeni, likaivika maana ya kwao.

Jina la tatu ni la wavuvi wenyewe: “mdomo wa karatasi”. Ngozi ya mdomo wake ni nyembamba. Ukivuta kwa nguvu, ndoano huipasua naye akaenda zake. Ndiyo maana majira ya kuchipua, samaki hawa wanaposogea kwenye maji mafupi kutaga, mvuvi stadi hutumia ndoano nyepesi na chambo cha visamaki hai, huvuta taratibu, kisha humkinga kwa wavu.

Jina la kwanza na la pili hufafanuliwa kwa kamusi. La tatu, kwa mvuvi. Kwa maoni yangu, mkusanyaji wa msamiati asiyefika ziwani atarudi na maneno bila maarifa yake.