Dawa ya Ngozi Nzima Si Dawa ya Kidonda

Nyumba nyingi zina chupa moja tu ya kuua vijidudu, na chupa hiyo hutumwa kazi zote: goti la mtoto aliyeanguka, mahali pa kudunga sindano, hata maji ya kuoga. Mtoto akilia kwa kuchomwa na spiriti, huambiwa avumilie, dawa inafanya kazi. Sivyo. Kuchoma huko ni pombe kugusa neva zilizo wazi, na pombe hiyo hiyo inaua seli changa ambazo mwili unazitegemea kuziba jeraha.

Kwenye ngozi isiyochanika spiriti ni hodari. Ile ya asilimia 70 huua bakteria vizuri kuliko pombe tupu, kwa sababu maji yaliyomo husaidia kuharibu protini za vijidudu na kuichelewesha isiyeyuke hewani mapema. Ila lazima iachwe ikauke yenyewe, nusu dakika hivi. Anayepaka na kudunga papo hapo ameilowesha ngozi tu.

Kwenye chumba cha upasuaji, pombe huchanganywa na klorheksidini, ambayo hung'ang'ania ngozi na kuendelea kufanya kazi kwa saa kadhaa. Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mchanganyiko huo mwaka 2016. Utafiti mashuhuri wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha wagonjwa 849, ulikuta maambukizi kwa asilimia 9.5 ya waliopakwa mchanganyiko huo, dhidi ya asilimia 16.1 ya waliopakwa povidoni-iodini. Hapa pana jambo la kuangaliwa: iodini ile haikuwa na pombe. Huenda sehemu kubwa ya ushindi ilikuwa ya pombe yenyewe.

Kidonda kina mambo yake. Damu na usaha hudhoofisha iodini, na peroksidi ya haidrojeni, pamoja na povu lake linalovutia macho, huumiza nyama inayoota. Kwa mkwaruzo au mkato mdogo, cha kwanza ni maji safi mengi. Tafiti zilizolinganisha maji ya bomba yanayofaa kunywewa na maji ya chumvi ya hospitali hazikuona maambukizi yakiongezeka kwa sababu ya maji ya bomba. Povidoni-iodini ina nafasi yake kwa jeraha lenye uchafu mwingi, kwa siku chache, si kila asubuhi kwa mwezi mzima.

Aliyeng'atwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kwa sababu sabuni huvunja utando wa mafuta wa kirusi cha kichaa cha mbwa. Iodini hufuata baadaye, na chanjo haingoji kesho. Aliyechomwa na msumari naye anahitaji kuulizia chanjo ya pepopunda. Hakuna dawa ya kupaka inayoweza kuchukua nafasi yake.

Kisa cha kitovu cha mtoto mchanga kinaonyesha jinsi mahali panavyobadilisha jibu. Nchini Nepal, Bangladesh na Pakistan, kupaka klorheksidini kwenye kitovu kulipunguza vifo. Jaribio kama hilo likafanywa Pemba kati ya 2011 na 2014, kwa watoto zaidi ya 36,000, na lingine Zambia. Kote kuwili vifo havikupungua kwa kiwango cha kutegemewa. Ndiyo maana tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa wiki ya kwanza tu, na pale tu ambapo watu wamezoea kupaka kitovu vitu vya hatari, kama kinyesi cha wanyama. Kwingineko kitovu kiachwe kikavu na kisafi. Akina mama wengi huona kutokupaka kitu ni kumtelekeza mtoto, kwa hiyo wakunga wana kazi kubwa ya kuwaeleza.

Dawa hiyo ya kitovu ina hatari nyingine. Chupa zake ndogo hufanana na za dawa ya macho, na katika nchi kadhaa za Afrika watoto wachanga wameumia macho, wengine wakapofuka, baada ya kudondoshewa kimakosa. Anayeiuza au kuigawa amwonyeshe mzazi kwa kidole inapopakwa, yaani kwenye kitovu na pale kinapoungana na tumbo. Ikiingia machoni, yaoshwe mara moja kwa maji mengi safi na mtoto apelekwe hospitali saa ile ile.